Amepata au Anapata? Istilahi katika Sheria za Marekani juu ya Vyeti vya Ualimu

Miongoni mwa maandiko ambayo wafasiri wa Kiswahili hutakiwa kuyashughulikia siku hizi ni barua ambazo shule za Marekani huwapelekea wazazi. Wakimbizi wengi kutoka mashariki ya Kongo, ambao Kiswahili ni lugha yao ya kila siku, wamepewa makazi katika nchi hiyo, na sheria ya huko inataka mzazi apewe habari za shule, kadiri iwezekanavyo, katika lugha anayoielewa. Moja ya barua hizo ni fupi sana. Hutolewa na shule zinazopata fedha za serikali ya shirikisho kwa ajili ya watoto wa maskini, nayo humwarifu mzazi kwamba mtoto wake amefundishwa kwa majuma manne mfululizo au zaidi na mwalimu ambaye hajatimiza masharti ya jimbo juu ya cheti cha ualimu.

Mtu angedhani kwamba barua ya mistari mitano haiwezi kumtaabisha mfasiri. Lakini nyuma ya mistari hiyo mitano ipo miongo kadhaa ya sheria, kanuni na hukumu za mahakama, zote zikigombania maneno machache: cheti ni nini, njia ya kukipata ni ipi, na ni lini mtu huhesabiwa kuwa amekipata. Makala hii inakusudia kuyachungua maneno ambayo aghalabu hutumiwa kutafsiri mambo hayo, na kuonyesha kwamba baadhi yake humpotosha msomaji bila ya mfasiri kukusudia.

1. Sheria zenyewe

Katika Marekani elimu ni mamlaka ya majimbo. Kila jimbo hujiwekea masharti ya kumruhusu mtu kufundisha katika shule za umma. Njia iliyozoeleka ilikuwa hii: mtu husoma chuo kikuu, humaliza mafunzo ya ualimu pamoja na mazoezi ya kufundisha, hupewa cheti, ndipo huajiriwa. Walimu walipopungua, hasa wa hisabati na sayansi, na hasa katika shule za miji mikubwa na za mashambani, majimbo yalitoa vibali vya dharura. Mwenye kibali hicho alisimama mbele ya darasa bila mafunzo ya ualimu.

Ndipo ilipozuka fikra ya kuweka njia ya pili iliyo halali. California ilikuwa na sheria ya mwaka 1967 iliyoruhusu walimu wanagenzi kufundisha huku wakisoma, na sheria yake kubwa ya elimu ya mwaka 1983 ikaziruhusu wilaya za shule kuwafunza wanagenzi wao zenyewe. Texas ilifungua mlango huo kwa sheria ya mwaka 1984, na wilaya ya shule ya Houston ikaanza mpango wake mwaka 1985. New Jersey, wakati wa Gavana Thomas Kean na Kamishna wa Elimu Saul Cooperman, ilipitisha mpango wake mwaka 1984, na walimu wa kwanza wakaingia madarasani Septemba 1985. Mtu mwenye shahada ya somo lake, aliyefaulu mtihani na kupata shule iliyo tayari kumwajiri, alipewa cheti cha muda. Akafundisha chini ya uangalizi wa walimu wazoefu huku akihudhuria masomo ya saa 200 hivi. Na akithibitishwa mwishoni, akapewa cheti kamili. Shabaha mojawapo ya mpango huo ilikuwa kuviondoa vibali vya dharura.

Hapa mfasiri apate onyo la kwanza. Huko New Jersey jambo hili lilianzishwa kwa kanuni za Bodi ya Elimu ya jimbo. Huko California na Texas lilianzishwa kwa sheria za Bunge. Anayeandika "sheria" pote pote anamnyima msomaji habari ya maana, kwani kanuni hubadilishwa na walioiweka, bali sheria hurudi Bungeni.

Waliounga mkono mipango hii walisema kwamba mhandisi au mkemia aliyekwisha fanya kazi miaka kumi hatarudi chuoni kukaa miaka mingine, na kwamba afadhali mwanagenzi anayeangaliwa kuliko mwenye kibali cha dharura asiyeangaliwa na mtu. Walioipinga, wakiwamo wengi katika vitivo vya elimu, walisema kwamba watoto wa maskini ndio watakaofanywa shamba la kujifunzia. Makala hii haiamui ugomvi huo. Inalosema ni kwamba ugomvi huo hauwezi kueleweka kwa Kiswahili iwapo maneno yake yamechanganywa.

2. Neno "mbadala"

Istilahi inayotumika zaidi ni "njia mbadala". Neno hili limekwisha kuota mizizi: tunasema "nishati mbadala" na "tiba mbadala", wala hatuna nia ya kuling'oa. Lakini lina matatizo mawili.

Tatizo la kwanza ni la sarufi. "Mbadala" halichukui upatanisho wa ngeli. Tunasema njia mbadala, cheti mbadala, mwalimu mbadala, nalo halibadiliki. Kwa sababu hiyo, katika fungu refu la maneno halijulikani limeshika wapi. Tuchukue mfano: "mpango wa vyeti vya ualimu mbadala". Ni mpango ulio mbadala? Ni vyeti? Au ni ualimu? Sarufi haimsaidii msomaji. Tukitumia kivumishi cha -ingine, upatanisho hutuokoa: "njia nyingine", "vyeti vingine", "ualimu mwingine". Kila kimoja kinajulisha kinamhusu nani. Na sheria zenyewe zilitaka jambo moja tu liwe tofauti, nalo ni njia. Mwisho wa njia zote mbili ulikusudiwa kuwa cheti kilekile. Kwa hiyo "cheti mbadala" ni kosa la maana, wala si suala la ladha ya lugha: linampa mzazi picha ya cheti cha daraja la pili, jambo ambalo sheria haikulisema.

Tatizo la pili ni la mazoea ya masikio. Asikiaye "tiba mbadala" hufikiria tiba iliyo nje ya hospitali. Asikiaye "mwalimu mbadala" hufikiria mtu anayeshika darasa kwa siku chache kwa sababu mwenyewe anaumwa. Mtu wa namna hiyo yupo kweli katika shule za Marekani, ana masharti yake, na mara nyingine ni yeye hasa ndiye anayesababisha ile barua ya majuma manne kuandikwa. Mfasiri akimwita mwanagenzi "mwalimu mbadala", amewaunganisha watu wawili ambao sheria imewatenga.

3. Cheti, leseni na kibali

Hatari kubwa zaidi imo katika neno "leseni". Majimbo mengine ya Marekani huita hati kamili ya ualimu cheti, mengine huiita leseni, na tofauti hiyo huko ni ya jina tu. Mfasiri anayefuata neno kwa neno ataandika "leseni ya ualimu" bila wasiwasi. Je, msomaji wake atasikia nini?

Msomaji wa Tanzania atasikia kinyume. Chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, mwalimu aliyetimiza masharti alisajiliwa. Leseni ya kufundishia ilikuwa ruhusa kwa yule asiyetimiza masharti ya kusajiliwa. Miaka ya 2000, shule za sekondari zilipoongezeka kwa kasi, vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache na kupelekwa kufundisha kwa leseni. Watu wakawaita "walimu wa leseni", na mtaani wakawapachika jina la "vodafasta", kwa mfano wa njia ya haraka ya kuongeza fedha katika simu. Basi kwa sikio la Mtanzania, mwalimu wa leseni ni yule ambaye bado hajafika. Kwa jimbo la Marekani linalotumia neno hilo, mwenye leseni ndiye aliyefika.

Msomaji aliyesoma Kongo atasikia jambo la tatu. Maneno yake ya shule yametoka katika Kifaransa, na katika Kifaransa neno hilohilo ni jina la shahada ya chuo kikuu. Akiambiwa kwamba mwalimu wa mwanawe hana leseni, yamkini atafahamu kwamba mwalimu huyo hakusoma chuo kikuu, ilhali huenda ana shahada mbili.

Neno moja, wasomaji watatu, maana tatu. Kwa ajili hiyo twaona heri "leseni" iachwe kabisa katika maandiko ya namna hii, hata pale ambapo maandiko ya asili yanaitumia. "Cheti" hufahamika pote kuwa ni hati ya kitu kilichokwisha timizwa. "Kibali" hufahamika kuwa ni ruhusa, ambayo hutolewa na huweza kuondolewa. Maneno haya mawili yatosha kutenga hali tatu: cheti kamili, cheti cha muda, na kibali cha dharura. Wala si utengano wa bure. Sheria ya shirikisho humpa mzazi haki ya kuuliza kama mwalimu wa mtoto wake anafundisha kwa ruhusa ya dharura au ya muda iliyomwondolea masharti ya jimbo. Mzazi hawezi kuuliza swali ambalo lugha ya barua haikumpa maneno yake.

4. Amepata na anapata

Sasa tufike penye kiini. Sheria ya elimu ya shirikisho iliyotiwa saini Januari 2002 ilitaka masomo ya msingi yafundishwe na walimu wenye "sifa za juu". Mojawapo ya masharti ya sifa hizo ilikuwa kwamba mwalimu awe amekwisha pata cheti kamili cha jimbo, na sheria ikaongeza kwamba cheti kilichopatikana kwa njia nyingine nacho kinahesabiwa. Hadi hapo maneno ni wazi. Lakini mwishoni mwa mwaka huo Wizara ya Elimu ilitoa kanuni iliyomhesabu pia yule aliyemo katika mpango wa njia nyingine, mradi anaendelea vizuri na muda wake hauzidi miaka mitatu. Kwa maneno mengine, aliyeko njiani alihesabiwa kuwa amefika.

Matokeo yake yalionekana mezani pa mzazi. Kwa kuwa mwanagenzi alihesabiwa kuwa na sifa za juu, ile barua ya majuma manne haikuandikwa kwa ajili yake.

Wazazi na wanafunzi wa California walikwenda mahakamani, wakisema kwamba wanagenzi wamerundikwa katika shule za watoto maskini na za watoto wa jamii za wachache. Kesi hiyo hujulikana kwa majina ya Renee na Duncan. Mwaka 2009 majaji wa Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tisa waliikataa. Septemba 2010 mahakama hiyohiyo, kwa wingi wa sauti mbili dhidi ya moja, iligeuza uamuzi wake. Hoja ya walio wengi ilisimama juu ya wakati wa kitenzi: sheria inamtaja mtu ambaye amekwisha kupata cheti, na mtu anayekitafuta bado hajakipata. Desemba mwaka huohuo Bunge la Marekani likaingia kati, likayatia maneno ya kanuni ile ndani ya sheria kwa muda, hadi mwisho wa mwaka wa shule wa 2012-13. Hatimaye sheria mpya ya Desemba 2015 iliondoa istilahi ya "sifa za juu", ikawarudishia majimbo kazi ya kuweka masharti, pamoja na yale ya njia nyingine.

Mwalimu yeyote wa Kiswahili ataona mara moja kwamba lugha yetu ina vyombo vya kutosha kwa jambo hili. Tunayo -me-, tunayo -na-, tunayo "bado haja-". "Amepata" si "anapata". Lakini taabu huja tunapoingia katika vishazi rejeshi, ambavyo ndivyo lugha ya sheria. Mfasiri mwenye kupenda ufasaha huandika "mwalimu apataye cheti". Umbo hili ni zuri, ni la asili, na maandiko rasmi hulipenda. Lakini halina wakati. Halisemi kama cheti kimepatikana, kinapatikana au kitapatikana. Mwingine ataandika "walimu wanaopata vyeti kwa njia nyingine", sentensi ambayo yaweza kuwa na maana ya walio katika kupata, au ya wale ambao kwa desturi hupata. Mwingine ataikimbia kazi kwa kutumia nomino: "upatikanaji wa cheti". Sentensi zote tatu hazina kosa la sarufi, na zote tatu zinaifuta ile tofauti iliyopiganiwa mahakamani.

Kwa hiyo katika matini za namna hii umbo lisilo na wakati liepukwe. Iandikwe "aliyekwisha pata cheti" kwa aliyefika, na "anayeendelea na mafunzo, ambaye bado hajapata cheti" kwa aliyeko njiani. Ni maneno mengi zaidi, nasi tumezoea kusifu ufupi. Lakini ufupi unaomfanya mzazi asijue kama mwalimu wa mwanawe amehitimu au la si ufasaha.

Neno "sifa" nalo lastahili tahadhari. Katika nyaraka za ajira lina maana ya masharti aliyoyatimiza mtu. Katika mazungumzo ya nyumbani lina maana ya sifa njema au mbaya. Barua isemayo "mwalimu wa mtoto wako hana sifa" inaweza kusomwa kuwa ni tuhuma juu ya mwenendo wa mtu. Afadhali itajwe waziwazi ni kitu gani kilichopungua.

5. Jina la mtu

Limebaki jina la huyo mwanagenzi. Msomaji wa Tanzania aliyekwisha ishi miaka mingi atashawishika kusema: huyu si mgeni, ni mwalimu wa UPE. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka watoto wote waingie shule ifikapo 1977, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa mikutano ya ana kwa ana. Ufanano upo: kazi na mafunzo vilikwenda pamoja. Lakini tofauti ni kubwa kuliko ufanano. Njia ya Marekani iliwekwa kwa ajili ya mtu mwenye shahada ambaye hana mafunzo ya ualimu. Ile ya hapa ilikuwa ya mtu ambaye elimu yake mwenyewe ilikuwa ya msingi tu. Kulihamisha jina la moja kwenda kwa nyingine ni kuwaonea wote wawili.

Hata hivyo historia hiyo inatufunza jambo. "Mwalimu wa UPE", "mwalimu wa leseni", "vodafasta": majina haya yalitungwa na wanafunzi, wazazi na walimu wenzao, na yalishika kwa kuwa lugha rasmi haikuwa na jina la wazi la kumtaja mtu aliye kati. Lugha rasmi isipotaja, mtaa hutaja. Na jina la mtaa humwandama mtu hata baada ya kuhitimu. Wako walioendelea na masomo wakawa walimu hodari, na jina lisiwatoke.

Kiswahili kinalo neno la heshima kwa anayejifunza kazi kwa kuifanya, nalo ni "mwanagenzi". Fundi seremala huwa na mwanagenzi, na hakuna aonaye haya kuitwa hivyo. Lakini pia hakuna amdhaniaye mwanagenzi kuwa fundi. "Mwalimu mwanagenzi" basi linasema mambo mawili kwa haki: kwamba anafundisha, na kwamba bado anajifunza.

6. Mapendekezo

Tunawaletea wafasiri, walimu na watumishi wa serikali mapendekezo haya:

Njia iitwe "njia nyingine ya kupata cheti cha ualimu". "Njia mbadala" ikubaliwe pale tu ambapo "mbadala" limeambatana na "njia" moja kwa moja. "Cheti mbadala" na "mwalimu mbadala" yasitumike kwa maana hii.

Hati ziwe tatu: "cheti kamili", "cheti cha muda", "kibali cha dharura". Neno "leseni" liepukwe.

Mtu aitwe "mwalimu mwanagenzi" mpaka atakapopata cheti kamili. Baada ya hapo aitwe mwalimu, bila nyongeza yoyote, kwa njia yoyote aliyopita.

Kitenzi kitaje wakati: "amekwisha pata" au "bado hajapata".

Kwa mfano, badala ya kuandika "Mwalimu wa mtoto wako hana sifa za leseni mbadala", mfasiri aandike, kama hali yenyewe ndiyo hiyo: "Mwalimu wa mtoto wako bado hajapata cheti kamili cha ualimu cha jimbo hili. Ni mwalimu mwanagenzi. Anaendelea na mafunzo huku akifundisha kwa cheti cha muda." Mzazi akiisoma sentensi hiyo atajua alipo mwalimu, na atajua la kuuliza akifika shuleni.

Wenzetu walio na rai iliyo bora kuliko hii wasisite kuileta. Istilahi si mali ya mtu mmoja. Lakini tusikubali kuiacha barua ya mistari mitano iende kwa mzazi ikiwa imeficha kitu ambacho yeye mwenyewe alipewa haki ya kukijua.